Malkia Hakai kwa Mshonaji

Tarehe 6 Februari

Mwanangu Kasuku,

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wenye nyumba wawili, mbwa watatu, na yule daktari aliyeniambia nisipoacha tumbaku sitafika sitini, na mazishini kwake nilikwenda na kiko changu mdomoni. Nimemzika mama yako pia, lakini huyo simtii kwenye hesabu ya kujisifu. Nakuambia haya ili ujue unamwandikia mtu wa namna gani unapomwandikia "Baba njoo ukae kwetu, umri umekwenda." Umekwenda wapi? Mimi niko hapa hapa karakanani, napiga randa.

Ile simu nimempa kinyozi. Simu za siku hizi zinanong'ona. Anayetaka kusema na mimi aandike, apeleke kwenye sanduku la posta la mama wa duka la dawa kama zamani. Kuandika nimejifunza ukubwani kwa penseli ya kupigia mistari mbao, na kama herufi zangu ni kubwa, hata mwenyewe si mdogo.

Sasa hii chesi yako. Karatasi ya sheria zake uliyoniletea niliitupa kwenye takataka za mbao. Mimi bingwa wa drafti wa mtaa huu, nikajifunze mchezo wa watu wanaokaa kimya kama wako kwa daktari wa meno? Nikaiokota jioni, si kwa kuisoma, kwa kuwashia jiko. Nikaona picha ya yule farasi. Nikasema, huyu mtu aliyemchora hajui kuchonga shingo. Basi nikachonga yangu kumwonyesha. Ukishachonga mmoja unataka wenzake, na sasa ninao wote, weupe wa mninga uliopauka na weusi wa mpingo, na bao lake. Kinyozi anasema farasi wangu ni mbwa. Kinyozi hajawahi kuona farasi. Hata mimi sijawahi, lakini mimi nimefikiri.

Nimeuelewa karibu wote. Kwenye drafti kete ni kama misumari, yote sawa. Huku kila mmoja ana kazi yake kama vyombo vyangu. Ngome ni msumeno, unakwenda moja kwa moja. Askofu anakata pembeni. Malkia ni yule fundi anayejua kila kitu na anajua kwamba anajua. Kitu kimoja tu: mfalme mbona mvivu hivi? Hatua moja moja, na wote wanakufa kwa ajili yake.

Nicheze nawe kwa barua. Lakini zile herufi na namba zako, a tatu, b nne, sizitaki, zinanichanganya na skrubu. Bao lina safu nane za kwenda mbele. Mbele ya karakana yangu kuna milango minane. Kila safu iwe mlango. Unaikumbuka milango, au umeshakuwa mtu mkubwa?

Baba yako,
Fundi


Tarehe 20 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeifungua mezani ofisini, vumbi la mbao likamwagika juu ya ramani ya watu. Mkubwa wangu akauliza ni nini. Nikamwambia ni salamu za nyumbani.

Naikumbuka milango hata nikifumba macho. Si nilikuwa nakaa juu ya meza yako ya kazi miguu inaning'inia, nawataja wapita njia mpaka ukaniita Kasuku? Kutoka mkono wa kushoto: kinyozi, mitumba, muuza mkaa, mpiga picha, mshonaji, duka la madaftari, fundi saa, duka la dawa. Nane kamili. Kwenda mbele tuhesabu hatua, ya kwanza ni pale walipo wakubwa wako, ya nane ni kwangu. Weupe ni wako siku zote, wewe mzee, anza wewe. Malkia mweupe anakaa mkono wa kushoto wa mfalme. Kwa hiyo malkia yuko kwa mpiga picha na mfalme yuko kwa mshonaji. Weusi wangu wanatazamana na wako, malkia kwa malkia, mfalme kwa mfalme.

Mfalme si mvivu, Baba. Anabebwa kwa sababu akifungwa mchezo umekwisha. Haliwi, anafungwa tu, akose pa kwenda.

Mimi mchezo huu nilifundishwa na dereva wetu wa ofisini. Tukiwa porini kupima viwanja, mvua ikinyesha, tunakaa ndani ya gari na bao dogo. Siku ya kwanza nilichukia. Siku ya pili nikagundua saa nzima imepita sijawaza deni wala ada wala kichwa kinachouma. Nikasema, hiki kitu Baba anakihitaji, maana tangu Mama aondoke najua unakaa unawaza.

Tucheze wa kwanza kwa kujifunza, hatua zake tupeane kwa vikaratasi kupitia kondakta wa basi, ziende upesi. Hakuna kisasi.

Kasuku wako


Tarehe 30 Machi

Kasuku,

Kwa hiyo ndivyo unavyomfanyia baba yako. Hatua nne! Malkia wako katoka kwa madaha, nikadhani anakwenda kutembea, kumbe askofu yuko kule pembeni kashika kisu, na mfalme wangu amekufa hata viatu hajavaa. Fundi saa alicheka mpaka akaangusha springi, ikabidi sisi wazee wawili tuitafute sakafuni kwa mikono na magoti, na nikafurahi kwamba haikuonekana.

Sikushindwa. Nilikuwa najifunza, umesema mwenyewe. Ule mtego nimeuelewa sasa, nimeupanga tena na tena juu ya meza ya kazi mpaka gundi ikanikaukia kwenye brashi. Askofu na malkia wanamlenga askari mmoja, yule wa pembeni mwa mfalme ambaye hana mwingine wa kumlinda ila mfalme mwenyewe. Mchezo mzuri huu, mwanangu. Nakubali. Mtu anashindwa na bado anataka kukaa.

Tuanze wa pili. Na huu si wa kujifunza.

Fundi


Tarehe 12 Aprili

Baba,

Pole kwa hatua nne. Dereva alinifanyia hivyo hivyo.

Kama wa pili si wa kujifunza, basi uwe na uzito. Nikishinda, unakuja kukaa kwetu. Chumba kipo, dirisha linatazama uani, na mkwe wako ameshaambiwa asiguse chochote. Ukishinda wewe, sitalisema tena neno hilo. Si kwa barua, si kwa kumtuma mtu, wala kwa kulia. Unajua mimi nikisema nimesema.

Naliandika hili nikicheka, lakini silichekei. Nikiwaza uko peke yako na ile ngazi mbovu ya kupandia chumba chako juu ya karakana, chakula hakishuki.

Kubali au kataa.

Kasuku


Tarehe 19 Mei

Kasuku,

Nimekubali. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli za hapa na pale, kuhamisha vitu, mambo ya watu wazima. Kazi ni nyingi.

Nimeweka bao upya barazani, safi, kila mlango mahali pake. Fundi saa ni shahidi. Saa zake zote zinagonga kwa pamoja saa sita, na hata mimi nazisikia, kwa hiyo usinitumie tena yale makala kuhusu masikio.

Askari wa mpiga picha anatoka hatua mbili. Jitahidi.

Fundi


Tarehe 1 Juni

Baba,

Umenishangaza! Safari hii umefungua kwa askari wa malkia. Dereva amekusifu, anasema ndivyo wanavyofungua watu wenye subira, na nilimwambia basi huyo si baba yangu, kuna mtu anamsaidia.

Najibu vivyo hivyo, askari wangu wa mpiga picha hatua mbili, watazamane.

Swali moja. Barua yako haikuwa na vumbi la mbao. Nimeikung'uta mara mbili. Ilinukia mafuta ya mashine. Kazi gani hiyo nyingi?

Kasuku


Tarehe 14 Juni

Kasuku,

Askari wa malkia gani? Nimefungua kwa askari wa mfalme kama mtu mwenye akili. Mwambie dereva wako atazame barabara.

Siku hizi nafuta mikono kabla ya kuandika, ndiyo maana hakuna vumbi. Nimestaarabika. Hilo nalo ni kosa?

Askofu wa muuza mkaa anakata pembeni mpaka kwenye safu ya madaftari, hatua ya nne. Hapo amekaa, anapunga upepo tu. Usimwogope.

Fundi


Tarehe 27 Juni

Baba,

Simwogopi. Farasi wangu wa upande wa fundi saa anaruka mbele, anatua kwenye safu ya madaftari, hatua mbili mbele ya alipo askofu wangu, yaani kwa hesabu yako hatua ya sita.

Askari wa mfalme, askari wa malkia, haya. Nilidhani penseli imekuteleza.

Nimeota niko juu ya meza yako nakutajia watu. Nikaamka nikiwa nimeshawataja nusu. Mkwe wako ananicheka mpaka leo.

Kasuku


Tarehe 9 Julai

MWANANGU,

Andaa leso. Malkia wangu ametoka kwa mshonaji, amekata pembeni, mlango wa mpiga picha, wa muuza mkaa, wa mitumba, mpaka kwa kinyozi, hatua ya tano. Umeona? Ule ule mtego wako! Askofu yuko kwenye safu ya madaftari na malkia yuko kwa kinyozi, wote wawili macho kwa askari wako wa muuza mkaa. Ulinipiga nao ukiwa mweusi, nakurudishia nikiwa mweupe. Nilikuwa nangoja wiki zote hizi na uso mkavu kama mtu wa mahakamani. Nimempigia kinyozi makofi ya mgongo hadi amemkata mteja.

Chumba chako kile chenye dirisha, mwekee mkwe wangu vitu vyake.

Baba yako, bingwa wa michezo miwili


Tarehe 20 Julai

Baba,

Nimecheka, halafu nimeacha kucheka. Malkia wako hawezi kutoka kwa mshonaji. Malkia hakai kwa mshonaji! Anakaa kwa mpiga picha. Kwa mshonaji anakaa mfalme. Nimeitazama barua ya Februari, nakala yake ninayo: malkia mkono wa kushoto wa mfalme.

Umewapanga vibaya au umeniibia?

Kasuku


Tarehe 29 Julai

Mimi niibe? Mimi niliyerudisha bawaba moja iliyozidi kwa mtu aliyekuwa amekwisha kufa?

Malkia yuko mkono wa kushoto wa mfalme. Nimemtazama sasa hivi. Yuko kushoto na amekaa kwa mshonaji na alikuwa kwa mshonaji tangu siku nilipompanga. Nimewaita fundi saa na mama wa dawa, wote wamesema huo ni mkono wa kushoto. Mkono wangu wa kushoto naujua, ndio wenye kidole kifupi. Milango naijua pia, naishi nayo. Ukishindwa sema umeshindwa.

Fundi


Tarehe 8 Agosti

Baba yangu,

Sitakuita mwizi tena. Nisamehe.

Barua yako nilikwenda nayo kazini, nikaiweka kando ya ramani, nikafanya kile ninacholipwa kufanya. Mtu akiniambia mti ule uko kushoto kwake na nyumba ile iko kulia kwake, mimi ninaweza kukwambia amesimama wapi. Ndiyo kazi yangu yote, Baba.

Ukiwa karakanani kwako, ukatazama nje, kinyozi yuko kushoto na duka la dawa liko kulia. Malkia akiwekwa kushoto kwa mfalme anaangukia kwa mpiga picha. Ili malkia aangukie kwa mshonaji, kinyozi lazima awe kulia. Na mahali ambapo mtu anatazama barabara na kinyozi yuko kulia kwake ni mahali pamoja tu. Ni upande wa pili. Hukukosea kupanga. Wewe hukai tena karakanani.

Halafu yakaja mengine yote kwa mpigo. Barua isiyo na vumbi. Mafuta ya mashine. Saa zinazogonga sita. "Kuhamisha vitu." Nikakaa chini ofisini, dereva akadhani nimepata msiba.

Sikuja kukuchukua. Nilishika funguo za gari, nikaziweka tena mezani. Kwa sababu nilirudi nyumbani nikalipanga bao langu kama ulivyolipanga wewe, kinyozi kulia, na nikacheza hatua zetu zote moja moja. Zinakwenda zote, Baba, hakuna hata moja ya wizi. Tumekuwa tukicheza michezo miwili tofauti na hakuna aliyejua. Na jibu langu lililofuata nilikuwa nimeshaliamua, askari wa mshonaji hatua moja. Kwenye bao langu ni hatua nzuri. Kwenye bao lako inaniacha wazi kabisa. Ungemla askari wa muuza mkaa na mfalme wangu angefungwa hapo alipo.

Umeshinda. Wewe ndiye uliyeanza, bao la kwako ndilo linalohesabika. Ahadi ni ahadi, sitasema tena neno lile.

Naomba kuuliza jambo jingine tu, ambalo si lile. Unalala wapi?

Mwanao,
Kasuku


Tarehe 18 Agosti

Kasuku, mwanangu,

Barua yako alinisomea fundi saa, kwa sababu mimi nilipofika pale kwenye funguo za gari nilipata kitu jichoni.

Haya. Yule mwenye nyumba wa pili nilimzika, nikamsahau kwamba alikuwa na mtoto. Mtoto kaja mwezi wa Aprili na suruali ya kubana, anataka kuuza vigae. Karakana sasa ni vigae. Naiona kutoka hapa nilipokaa, imepakwa rangi ya bluu, na mlango wameutundika wameinamisha, unajifunga wenyewe. Natamani kuvuka nikawarekebishie lakini sitawapa furaha hiyo.

Nalala chumba cha nyuma kwa fundi saa. Ni chumba cha kuwekea saa zisizotengenezeka. Meza yangu ya kazi iko uani kwake chini ya turubai. Nilipopanga bao barazani nikatazama, kinyozi yuko kulia, nikamweka kulia. Sikuwaza kwamba mimi ndiye niliyegeuka. Nilidhani ni mtaa.

Uongo sikusema. Nilinyamaza, na kunyamaza ni haki ya mtu mzima. Ningekwambia, ungekuja siku ile ile na gari, ungenibeba na kunifunga kamba kama kabati. Mimi si kabati. Nimetengeneza makabati, najua tofauti. Mtu aliyefukuzwa kwenye kibanda chake akienda kwa mwanawe, wote wanamtazama wanasema maskini mzee, hana pa kwenda, kama mfalme aliyefungwa. Nilikataa. Nilisema nishinde kwanza.

Nimeshinda. Na umekiri kwa mkono wako, barua ninayo, kinyozi ameibandika kwenye kioo chake wateja waisome. Kwa hiyo hakuna mtu wa kunichukua. Sasa mimi mwenyewe, bila kuombwa, bila kulazimishwa, kwa miguu yangu na nauli yangu, nakuja kwako kutembea. Mshindi anatembelea watu. Kutembea kwangu kutakwisha nikichoka, na mimi sichoki upesi, unanijua.

Masharti ya mshindi ni haya. Meza yangu ya kazi inakuja, na itakaa kwenye lile dirisha. Mkwe wangu asiniulize kila asubuhi nimeamkaje, atauona mwenyewe uso wangu. Yule dereva wako aje nimwone, tutajua nani wa kumsifu nani. Na kila ukirudi kazini, kabla hujavua viatu, bao moja. Tutakaa uso kwa uso, kinyozi wako na kinyozi wangu wawe upande mmoja, nisisikie tena hadithi za ramani. Utakaa juu ya meza kama zamani ukitaka. Nimeipima, inakubeba bado.

Fundi saa analia na kusema ni mafuta. Nimemwachia farasi mmoja mweupe awe rehani, ili ajue nitarudi kumwona. Kwako nitachonga mwingine njiani, safari ya basi ni ndefu na kisu ninacho.

Na kama kuna mtu huko kwenu, mkwe au dereva au jirani, atasema kwamba huyu mzee amehamishwa, amechukuliwa, amekosa pa kukaa, mjibu kwamba alikuja akiwa ameshinda. Asiyeamini amuulize fundi saa aliyekuwepo nilipopanga, mama wa dawa aliyeuona mkono wangu wa kushoto, kinyozi ambaye kioo chake kinasema yote, na huyo mteja wake aliyekatwa sikio, kovu bado analo.

Baba yako,
Fundi